Amani si mahali pa "waja leo waondoka leo"

Ndugu Mhariri,

Kila likizo ya Juni na ya Desemba inapokaribia, kurasa za utalii huanza kuusifia msitu wa Amani, ulio milima ya Usambara juu ya Muheza: hewa safi, vipepeo, maporomoko, "mandhari ya kuvutia". Ni sifa za haki. Ila msomaji wa hapa Tanga mjini, wa Ngamiani au Chumbageni, akishafika mwisho wa makala bado hajui aondoke saa ngapi, avae nini, alale wapi, wala kwa nini jirani yake aliyekwenda mwezi uliopita alirudi ananung'unika kwamba kule hakuna kitu, ni miti tu. Naomba nafasi nizibe pengo hilo.

Watu wa Tanga tuna fahari na msemo wetu wa "waja leo waondoka leo". Kwa Amani, msemo huo ndio unaoharibu safari. Chukua kundi la kawaida. Noah imekodiwa, inaondoka Tanga saa tatu asubuhi. Muheza watu wanashuka kunywa chai na kununua machungwa. Geti la Zigi wanafika saa sita, juu Amani saa saba na nusu. Muda huo ndege wamenyamaza, mbega wamejikunyata vileleni wakisubiri majani yasagike tumboni, na mara nyingi ukungu au manyunyu yameshashuka. Saa kumi dereva anapiga honi kwa sababu hataki mteremko umkute na giza. Watu wameuona msitu katika saa zake mbaya kuliko zote, na kiingilio wamelipa kamili. Msitu huu hufunguka mara mbili kwa siku: kuanzia alfajiri hadi kama saa tatu asubuhi, na tena usiku, giza likishakolea. Vipindi vyote viwili vinamtaka mtu aliyelala huko huko.

La pili ni matarajio. Amani si hifadhi ya taifa kama Saadani au Mkomazi. Ni hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo nchini, ilitangazwa mwaka 1997, ina hekta 8,380 hivi na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Hakuna simba wala tembo, na hakuna kuzunguka na gari kutafuta wanyama. Saadani jicho hutafuta mbali, kule nyasi zinakoishia. Amani hakuna mbali. Hatua thelathini mbele yako umekutana na ukuta wa majani. Kinachotazamwa kiko ndani ya mita mbili: chini ya jani, ubavuni mwa jiwe, kwenye gome la mti. Anayetembea mwendo wa kwenda sokoni huvipita vyote. Kilomita moja kwa saa inatosha kabisa, na mwongoza watalii mzuri utamjua kwa namna anavyosimama.

Halafu kuna baridi. Neno "msitu wa mvua" huwapeleka wengi kwenye picha ya Kongo na joto la kuchemsha, wakapanda mlima na fulana moja. Msitu wa mvua unahitaji mvua. Joto si sharti. Kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia, kina misitu ya mvua ya baridi ambayo kwenye milima huangukiwa na theluji, na misitu ya Olympic, magharibi ya Marekani, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka katika ubaridi wa kuvaa koti. Amani haifiki kiwango hicho, lakini pia si Raskazone ya ufukweni Tanga. Upepo wa Bahari ya Hindi huja umejaa mvuke, hugonga ukuta wa Usambara, hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, ukipoa humwaga maji. Tanga mjini hupata kama milimita 1,300 kwa mwaka. Amani hukaribia 2,000, na ni nadra mwezi kupita mkavu. Kila mita 100 za kupanda, hewa hupungua joto kwa zaidi ya nusu nyuzi. Amani iko mita 900 hivi juu ya bahari, kwa hiyo toa nyuzi tano au zaidi kwenye joto uliloliacha mjini. Usiku hushuka hadi 16 hivi, na Julai huenda chini ya hapo. Nyuzi 16 ukiwa mkavu ni raha. Ukiwa umelowa, umekaa nyuma ya pikapu inayokimbia, meno yanagongana.

Aprili na Mei usiende: masika imekolea na barabara haina adabu. Januari na Februari ni miezi mizuri, na Juni mwishoni hadi Septemba pia, mradi sweta lipo. Vuli, kuanzia Oktoba, wengi huikimbia, na hapo sikubaliani nao. Mvua za vuli ndizo zinazowatoa vyura, na anayekuja kwa ajili ya viumbe vidogo atapata zaidi Novemba kuliko Agosti, akikubali kulowa.

Kulowa kwenyewe kuna elimu yake. Jinzi ndiyo nguo mbaya kuliko zote: ikinyonya maji inakuwa mzigo, na katika unyevu ule haikauki hata baada ya siku mbili. Suruali nyepesi ya traksuti hukauka mwilini ukiwa unatembea. Soksi ziwe ndefu, miguu ya suruali iingie ndani ya soksi. Si urembo, ni kinga ya kupe na siafu. Raba za soli bapa huteleza juu ya mizizi iliyolowa kama vile imepakwa sabuni. Gambuti ni nzuri kwenye tope lakini juu ya jiwe lililoota kuvumwani, ule ukijani laini wa penye unyevu, humwangusha hata mwenyeji, kwa hiyo ukivuka kijito kanyaga mchanga na changarawe hata kama maji yanaingia kiatuni. Koti la mvua la plastiki hukuzuia mvua ya nje likakulowesha kwa jasho la ndani, hasa ukipanda. Watu hucheka mwavuli msituni, lakini chini ya miti hakuna upepo wa kuugeuza, na matone huendelea kudondoka majanini hata nusu saa baada ya mvua kukatika. Mwavuli kwa kutembea, koti kwa bodaboda. Na fulana moja kavu isivaliwe kabisa hadi mwisho wa matembezi, kabla ya kupanda gari.

Simu na chaji zamani vilifungwa kwenye rambo, mfuko laini wa plastiki; mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Kopo la siagi lenye mfuniko unaobana hufanya kazi nzuri zaidi. Mwenye kamera azime kiyoyozi cha gari kuanzia Zigi, maana kioo kilichopoa kikikutana na hewa yenye unyevu hufunga ukungu, na wengi hukosa mbega wa kwanza wakiwa wanafuta lenzi kwa shati. Usifute. Iache ndani ya mkoba uliofungwa hadi ipate joto la nje.

Usafiri hauna siri. Tanga hadi Muheza ni kilomita kama 35 za lami, na Muheza hadi Amani ni kama 35 nyingine, za namna nyingine kabisa. Mafuta jazia Muheza. Kwa kawaida mabasi ya Amani huondoka Muheza mchana na kushuka alfajiri ya siku ya pili, yaani hata ratiba yenyewe imemfikiria mtu anayelala. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa ile tunayoiita kontro namba, yaani namba ya malipo ya serikali. Raia na mgeni hulipa viwango tofauti, hivyo kitambulisho cha NIDA kisibaki nyumbani, na salio liwe limeshaingia kwenye simu kabla hujaiacha Muheza, kwa kuwa mtandao mabondeni huja na kuondoka.

Pa kulala papo pa aina mbili. Zigi, au Sigi kama wengine wanavyoandika, iko chini, mita 450 hivi, kando ya mto. Hapo ndipo palipokuwa mwisho wa reli nyembamba ya Wajerumani iliyotoka Tengeni kusomba mbao, na nyumba ya mkuu wa stesheni ndiyo ofisi ya taarifa ya leo. Ni joto kidogo, mbu wapo, chandarua ni lazima. Juu Amani ni baridi na kimya, na umezungukwa na bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902. Ushauri wangu ni ulale juu, asubuhi utembee kushuka kwa njia ya Amani–Zigi, gari likutangulie chini. Ni nusu siku kwa mwendo wa kutazama. Lakini usidhani kushuka ni kwepesi. Wanaoanguka wengi huanguka wakishuka, magoti yakishachoka na macho yako juu ya miti. Kata fimbo ya kutembelea kabla ya kuingia hifadhini, maana ndani hakikatwi kitu. Kwa wenye watoto wadogo, bustani na njia ya kilima cha Mbomole vinatosha.

Usiku ndiyo hazina yenyewe. Mchana kinyonga ni jani. Usiku akilala hupauka, na mwanga wa tochi ukimpata anang'aa kama kipande cha karatasi kilichonasa nchani mwa tawi. Amelala nchani kwa makusudi: nyoka akipanda, tawi linatikisika, anaamka, anajiachia chini. Sasa mpiga picha akilivuta tawi ili apate pembe nzuri, kinyonga hufanya hivyo hivyo, anaanguka gizani, na kwa baridi ile hana nguvu ya kupanda tena haraka. Elekeza tochi, tazama, geuza tochi. Dume wa spishi iitwayo Trioceros deremensis ana pembe tatu puani, na jina lake limetokana na Derema, pale pale milimani. Wapo pia wale vinyonga wadogo wa rangi ya udongo, wasiozidi urefu wa kidole, wanaolala usawa wa goti kwenye vijiti. Hao ndio wanaovunjwa na miguu ya walio nyuma ya msururu. Watu watano na mwongozaji mmoja ni wengi wa kutosha. Chini, kwenye majani makavu, kuna vyura wadogo wa jenasi ya Nectophrynoides, ambao hawatagi mayai majini. Huzaa watoto waliokamilika, hatua ya viluwiluwi ikiwa imeshapita tumboni mwa mama. Ukimkanyaga mmoja huenda umekanyaga familia.

Alfajiri, toka saa kumi na mbili kasoro. Hondohondo utawasikia kabla ya kuwaona, mabawa yao yanavuma kama mtu anayekung'uta shuka. Wapenzi wa ndege hupanda Amani kumtafuta mshonaji mwenye mdomo mrefu, aliyepewa jina la Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi hapo. Mahali pengine anakojulikana ni kaskazini mwa Msumbiji. Ni ndege mdogo wa kijivu asiye na mbwembwe, anayejificha kwenye mitambaazi iliyosokotana, pembezoni mwa msitu. Anayetaka rangi amtafute chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua.

Hondohondo wanatuleta kwenye jambo ambalo waandishi wa sifa hulipita. Mgeni huelekezwa kwenye mti mrefu, shina jeupe, matawi yaliyotanda, akaupiga picha kama alama ya msitu wa asili. Mara nyingi mti huo ni mhesi, na mhesi si mwenyeji wa Usambara. Kwao ni ukanda wa Ziwa Victoria na magharibi zaidi. Uliletwa kupandwa, ukakua haraka, na ukataji wa mbao kwa mashine, uliokoma miaka ya 1980, ulipofungua mwanga ndani ya msitu, mhesi ukawahi nafasi. Hondohondo hupenda matunda yake na kuzisambaza mbegu. Mwulize mwongozaji akuonyeshe mhesi, kisha akuonyeshe msambu, na hapo utaanza kuusoma msitu badala ya kuutazama tu. Msambu ni wa huku. Tunda lake huning'inia kama papai refu la kahawia, lina uzito wa kilo kadhaa, na mbegu zake hutoa mafuta ya kupikia ambayo wanavijiji wameyatumia tangu zamani na sasa mbegu zenyewe zinauzwa. Ukikuta ganda lililopasuka chini, usipumzikie hapo. Tazama juu kwanza.

Ua la Saintpaulia, lile linalopamba madirisha ya Ulaya kwenye vyungu, asili yake ni huku. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga zama za Wajerumani, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina. Usilitafute kwenye udongo mzuri. Huota ubavuni mwa mwamba wenye kivuli, karibu na maji, juu ya kiganja cha udongo kilichoshikwa na kuvumwani. Mti ulio juu yake ukikatwa, jua la wiki moja hulikausha. Kwa kuwa jani moja tu likipandikizwa huota, watu hulichuma jani wakijiona hawajaiba mmea. Ishirini wakichuma jani moja moja kwenye mwamba mmoja, mwamba unabaki mtupu.

Hatari si nyingi lakini zina tabia zake. Siafu wakikata njia, vuka kwa hatua moja ndefu wala usisimame kutazama ukiwa katikati yao. Wakishapanda, kimbia kwanza hatua ishirini ndipo uanze kuwang'oa, kwani ukibaki pale pale kila unayemtoa anapishana na wengine kumi. Kifutu hulala ndani ya majani makavu na hakimbii mtu, hivyo gogo huwa linakanyagwa juu na kutazamwa upande wa pili, halirukwi, na mkono hauingizwi mahali jicho halijafika. Mto ukiwa mweupe ghafla ukageuka wa kahawia na kubeba majani, mvua imenyesha juu hata kama kwako jua linawaka: toeni watoto majini wakati huo huo. Hema lisisimikwe chini ya tawi kavu. Matawi hayo huanguka baada ya mvua, yakishanyonya maji na kuwa mazito, hata pasipo upepo.

Sabuni isiingie kijitoni. Maji ya Zigi ndiyo yanayojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo bomba la jikoni kwako Tanga mjini. Maganda ya machungwa ya Muheza nayo yarudi na wenyewe, kwani kima akishajifunza kwamba penye watu pana chakula, mgeni anayefuata ananyang'anywa mkoba.

Kwa anayetaka baridi ya kweli, Amani isimzuie kwenda Magamba, juu ya Lushoto, ambako msitu uko kati ya mita 1,600 na zaidi ya 2,000, na mti wa mkulo bado unasimama. Huko hata saa sita mchana ukungu unaweza kukaa kama umekodi chumba. Lakini ni safari ya kupitia Mombo na inataka barua yake.

Namalizia na barabara ya kushuka, inayoharibu zaidi kuliko nyoka wote. Udongo mwekundu huteleza kupita kiasi kwenye manyunyu ya kwanza baada ya siku kavu, vumbi linapogeuka grisi.  Kwa hiyo ukiona manyunyu yanaanza ukiwa umeshafunga mizigo, kunywa chai nyingine, ungoje njia ikauke. Ingiza gia ya pili ukiwa bado juu, usingoje mteremko ukukamate, na breki ikanyagwe kabla ya kona, si ndani yake. Piga honi kila kona, mpishe anayepanda, maana yeye akisimama huenda asiondoke tena. Breki zikianza kunuka, egesha ukiwa umeweka jiwe nyuma na mbele ya tairi, ungoje nusu saa. Usizimwagie maji. Chuma cha moto kikipata maji ya Usambara hupasuka, na fundi yuko Muheza.

Wasalaam,
Msomaji wenu,
Muheza, Tanga